Nauza chips kila siku mpaka usiku, deni haliishi. Tatizo liko wapi wakuu?

#1 Mchoma Viazi
Wakuu habari za muda huu. Nipo Mbagala, nina kibanda cha chips mwaka wa tatu sasa. Sina bosi sina mshahara, nikiumwa siku moja jiko haliwaki na hela haiingii. Nimekaa na daftari tangu saa sita usiku naona kama linanicheka.

Nadaiwa hivi. Kausha damu wa kwanza (hawa wakopeshaji wa mtaani wa rejesho la kila siku) nilichukua laki 3, rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30, zimebaki siku 19. Kausha damu wa pili laki 2, huyu nilimchukua ili nizibe pengo la yule wa kwanza (najua, msinitukane), rejesho 10,000 kwa siku, siku 26, zimebaki 21. Apu ya kwenye simu ilinipa 80,000 inataka 120,000, imepitiliza siku 6 na wameshaanza kumtumia meseji shemeji yangu. Kikoba 250,000. Dukani kwa Mangi, mayai na mafuta, 95,000.

Mauzo kwa siku ni elfu 90 mpaka laki na kumi. Faida naiweka 25,000. Marejesho yote mawili 23,000. Kwahiyo angalau buku mbili inatakiwa ibaki si ndio? Sasa mbona kila asubuhi sina hela ya viazi? Na pombe sinywi.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshaweka kiti. Ila umekopa kausha damu kulipa kausha damu afu unasema tusikutukane, unatunyima haki yetu ya msingi.

#3 Bajaji Nyeusi
Pole mkuu. Tatizo ni riba, usihangaike kutafuta lingine. Laki 3 inarudi 390,000, hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, hakuna kiazi kinachozaa asilimia 30 baada ya kula na kulipa kodi.

#4 Muhasibu Benchi
Bajaji sio 30 mkuu, ni mbaya zaidi ya hapo. Hiyo 30 ingekuwa sawa kama angekaa na laki 3 yote mwezi mzima afu arudishe siku ya mwisho. Yeye anaanza kurudisha kesho yake. Siku ya 15 mkononi ameshabaki na kama nusu tu ya hela yao, ila riba anaendelea kulipa ya laki 3 nzima. Ukichukua wastani alikuwa anatumia laki na nusu na ameilipia 90,000. Inakaribia mara mbili ya hiyo 30 yako.

Mchoma Viazi nijibu haya: nani anamenya viazi na unamlipa ngapi, kibanda kodi bei gani, na nyumbani mnakula hela ya wapi?

#5 Mchoma Viazi
Dogo anayemenya na kuosha vyombo 5,000 kwa siku. Kibanda 60,000 kwa mwezi. Mlinzi jero kila usiku. Nyumbani mke naachia 10,000, watoto wawili wanasoma. Hizo zinatoka kwenye droo hiyohiyo.

#6 Muhasibu Benchi
Sasa tuko pamoja. 25,000 toa dogo 5,000, toa kodi 2,000 kwa siku, toa mlinzi 500. Inabaki 17,500. Toa chakula cha nyumbani 10,000. Inabaki 7,500. Hiyo 7,500 ndio hela yako ya kulipa madeni, sio 25. Na unalipa 23,000. Kila siku unapungukiwa 15,500 na hiyo haidondoki kutoka mbinguni, inatoka kwenye viazi vya kesho.

Sasa angalia hii. Ile laki 2 ya kausha damu wa pili ukigawanya kwa 15,500 ni siku 12 na ushee. Mkopo wenyewe ni wa siku 26, na sehemu yake iliziba pengo la zamani, kwahiyo nadhani imeshaisha. Nimekosea?

#7 Mchoma Viazi
Aisee. Imeshaisha kweli. Nakumbuka sababu ilikuwa Jumapili na Simba walicheza, niliuza sana na bado Jumatatu sikuwa na hela ya mafuta. Nikajua dogo ameniibia, nikamgombeza.

#8 Kiti cha Mbele
Kamuombe dogo msamaha leo leo.

#9 Ndimu na Chumvi
Mnapiga mahesabu weee lakini swali la msingi hamjamuuliza. Mkuu mteja wako wa kwanza asubuhi ni nani? Kuna mtu anakuja na noti kubwa kabla hujafungua vizuri anataka chenji? Hiyo ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta hela za droo. Mimi nilikuwa na duka Tandika, nauza mpaka mkono unauma, jioni droo nyeupe. Tangu niweke ndimu na chumvi ya mawe kwenye droo mambo yamebadilika. Cheka tu.

#10 Bajaji Nyeusi
Chuma ulete wake anajulikana, anakuja na daftari na kalamu.

#11 Mchoma Viazi
Bajaji umenikumbusha. Yule wa kwanza, afisa wao anakuja saa kumi na moja jioni anakaa kwenye kiti cha wateja mpaka nitimize 13,000. Sasa akikaa anaagiza zege, yaani chips mayai. Na kachumbari, na pilipili anaomba iongezwe. Hajawahi kulipa hata siku moja, na mimi naogopa kumdai maana na yeye ananidai.

#12 Kiti cha Mbele
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Yaani anakuja kuchukua rejesho na anakula rejesho.

#13 Muhasibu Benchi
Zege kwako bei gani? Kama ni 3,000, kwa siku 30 ni 90,000. Hiyo ni sawasawa na riba yao yote. Unalipa riba mara mbili mkuu, moja kwa hela moja kwa mayai.

#14 Dada Mwanjelwa
Muhasibu nakuheshimu ila hapo umetupiga. Mimi nauza chips Mbeya mwaka wa nane. 3,000 ni bei ya kuuzia, hasara yake ni alichotumia kutengeneza: mayai mawili, viazi, mafuta, mkaa, haizidi buku mbili. Kwahiyo ni kama 60,000 kwa mwezi. Bado ni hela nyingi ila tuseme ukweli.

Na mimi naona tatizo sio riba peke yake wala zege. Kaka Mchoma, viazi unanunua kwa ndoo au gunia?

#15 Mchoma Viazi
Ndoo dada. Gunia ntapata wapi hela. Ndoo 20,000 kwa jirani hapa.

#16 Dada Mwanjelwa
Nilijua. Tatizo lako ni kununua rejareja ili uuze rejareja. Gunia huko Temeke Sterio ukienda alfajiri wakati magari ya Njombe na Mbeya yanashusha unapata bei gani?

#17 Mchoma Viazi
Siku nzuri 80,000. Linatoa ndoo tano, lumbesa (gunia lililojazwa mpaka likazidi mdomo) inazidi hapo.

#18 Dada Mwanjelwa
Basi kila ndoo tano unamwachia jirani yako 20,000 bure. Na mafuta najua unapimiwa lita lita kwa Mangi kwa mkopo, na mkopo wa Mangi una bei yake hata kama hajakutajia. Tafuta wachoma chips wawili hapohapo mtaani mchange gunia moja, mgawane kwa ndoo. Mimi nilianza hivyo na mama mmoja wa mihogo, hatukuwa hata na ukoo. Mafuta vilevile, dumu la lita 20 mnachangia.

Na jicho lako liwe kwenye karai. Ukijaza mafuta mpaka juu ili chips ziwahi kuiva, nusu yanaungua bure wakati wateja hamna. Mimi saa nane mpaka saa kumi mchana natoa mkaa nabakiza vipande viwili vitatu tu.

#19 Abuu Tanga
Asalaam aleykum. Nitasema na mtanichukia. Riba ni haramu na haina baraka, ndio maana mtu anauza laki na kumi na hana hela ya viazi. Muhasibu anaita pengo, mimi naita kukosa baraka, tunaongelea kitu kilekile. Mkopo usio na riba upo, nenda kwa ndugu, nenda msikitini kwako waulize kama wana mfuko, nenda hata kwa mzee wa mtaa mwenye uwezo. Hao wanakopesha mtu kwa kumsaidia na hawaongezi shilingi.

#20 Kiti cha Mbele
Ndugu? Abuu wewe ndugu zako wanapokea simu tarehe 20?

#21 Abuu Tanga
Wanapokea kwa sababu nikikopa narudisha.

#22 Kitasa
Nimesoma yote. Mambo ya sheria kidogo maana naona watu wanalipa kwa woga.

Kwa Tanzania kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hao wanaokopesha bila kupokea amana, awe mtu binafsi au kampuni, wapo daraja la pili na lazima wawe na leseni ya Benki Kuu (BoT). Saccos ni daraja la tatu, vikoba daraja la nne. Na BoT iliweka ukomo wa riba kwa daraja la pili, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki 3 yako riba ya mwezi ni 10,500. Wewe unalipa 90,000.

Apu nayo angalia. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya apu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Angalia kama yako imo humo. Na kuhusu huko kumtumia meseji shemeji yako, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ina Tume yake, unaweza kupeleka malalamiko.

#23 Bajaji Nyeusi
Kitasa hiyo 3.5 iko kwenye karatasi mkuu. Mtaani wanakuandikia riba ndogo afu ada ya fomu, ada ya uchakataji, bima ya mkopo, "gharama za ufuatiliaji". Ukijumlisha unarudi palepale. Mimi niliwahi kukopa laki 5 nikapewa mkononi 440,000 na nikasaini nimepokea laki 5.

#24 Kitasa
Ndio maana unatakiwa uombe nakala ya mkataba. Mchoma Viazi unayo?

#25 Mchoma Viazi
Nilisaini kwenye kiti cha plastiki mvua inanyesha, karatasi wakaondoka nayo. Ila walipiga picha friji langu la soda, televisheni na kitanda.

#26 Kiti cha Mbele
Kitanda pia? Wanataka ulale wapi ukishindwa kulipa?

#27 Mama Hisa
Watoto wangu hamjambo. Mimi ni katibu wa kikoba mwaka wa sita. Mnavyoongea naona kikoba mmekiweka mwisho kwa sababu hatuji na pikipiki kuchukua vyombo. Hiyo 250,000 ni hela ya kina mama wauza mboga na maandazi na Desemba tunavunja, kila mtu anataka gawio lake. Ukimlipa kausha damu kwanza kwa sababu anakutisha na ukatuacha sisi kwa sababu tunakuchekea, mwakani utakopa wapi kwa riba nafuu? Ukibanwa njoo siku ya kikao ujieleze, kanuni nyingi za vikoba zina nafasi ya kuongezewa muda. Ukipotea bila kuaga ndio tunakuja na nyimbo mlangoni.

#28 Mchoma Viazi
Mama shikamoo. Umenigusa, vikao viwili vya mwisho sijaenda.

#29 Mama Hisa
Marahaba. Nenda.

#30 Mlikoni
Niko Mombasa, huku hao twawaita shailoki, wakikushika wakubakisha na shati. Serikali yetu ilileta Hustler Fund mwisho wa Novemba 2022, riba asilimia 8 kwa mwaka, lakini wapewa kidogo na ule mkopo wa mtu binafsi muda wake ni siku 14, na asilimia 5 yakatwa yaenda kwa akiba. Kwa mtu wa viazi ni afueni ndogo tu. Mie nilichofanya, nilikata simu. Nilinunua kile kisimu cha tochi, nikaweka laini humo, apu zote zikabaki kwa simu kubwa ambayo nilimuuzia binamu. Miezi minne sikukopa hata shilingi kwa sababu sikuwa na pa kubonyeza.

#31 Bajaji Nyeusi
Hii ya kisimu cha tochi ndio ya maana kuliko zote humu.

#32 Muhasibu Benchi
Inasaidia kutokopa tena, hailipi la zamani. Tumrudishe mwenye uzi kwenye mstari. Jumla anadaiwa 922,000: 247,000 na 210,000 na 120,000 na 250,000 na 95,000. Swali ni aanze na lipi. Mimi nasema aue lile linalokula hela nyingi kwa siku, yaani kausha damu wote, hata kama ni kwa kuuza kitu. Friji la soda linakuingizia ngapi?

#33 Mchoma Viazi
Kama 2,000 kwa siku ukitoa umeme. Luku inakunywa kweli.

#34 Muhasibu Benchi
Uza. Kitu kinachoingiza 2,000 kimekaa kinaangalia deni linalochukua 10,000.

#35 Dada Mwanjelwa
Jamani msimdanganye mwenzenu. Mtu anayekula chips anataka soda ya baridi, akiikosa anaenda kula kwenye soda. Ukiuza friji hujapoteza 2,000, umepoteza na chips alizokuwa ale. Auze televisheni. Aanze na deni dogo, amalize la Mangi 95,000 ili apate mafuta bila aibu, moyo utulie ndio aende kwa wakubwa.

#36 Muhasibu Benchi
Moyo hauna riba dada.

#37 Dada Mwanjelwa
Wewe umewahi kudaiwa mbele ya wateja? Siku hiyo hata chumvi unazidisha.

#38 Afisa Mstaafu
Niliwahi kufanya hiyo kazi ya kuzungukia marejesho miaka miwili, msinirushie mawe. Ngoja niwaambie upande wa pili. Yule kijana anayekaa kwenye kiti chako hadi saa mbili usiku sio kwa roho mbaya. Kila mteja asiyelipa, kwake ni doa, sehemu nyingine wanamkata kwenye posho yake. Nauli hapewi au anapewa ya kwenda tu. Hiyo zege ndio chakula chake cha siku, mimi nilikuwa nakula kwa mama mmoja wa supu na nikijidanganya kwamba ananipenda.

Kwahiyo usiongee na yeye, hana mamlaka. Nenda ofisini kwao asubuhi, sio jioni, sio mwisho wa mwezi. Uliza msimamizi. Mwambie hutaki kukimbia, unataka kupunguziwa rejesho na kuongezewa siku, na uandikiwe kwamba hakuna faini. Wanaogopa sana mteja anayehama mtaa, na wewe kwenda kwa miguu yako ni dalili kwamba huhami. Mmoja kati ya wawili atakubali. Hiyo ni uzoefu wangu, sio sheria.

#39 Kiti cha Mbele
Afisa Mstaafu ile supu umeshailipia?

#40 Afisa Mstaafu
Mama alihama. Mwenyewe nilimtafuta.

#41 Bajaji Nyeusi
Mimi naunga mkono la kwenda kuongea. Nilikuwa na pikipiki ya mkataba, hesabu 10,000 kila siku Jumapili hadi Jumapili, ikiisha miezi 14 chombo kinakuwa changu. Mwezi wa tisa nikaanguka nikavunjika mkono, wiki sita nyumbani. Bosi akawa anapiga simu, mimi nazima. Nilivyopona nikakuta kampa mtu mwingine na hesabu zangu za miezi tisa zimeenda na upepo. Baadaye kaniambia mwenyewe, kama ungepokea simu tungekaa. Sijui kama ni kweli au alisema tu. Ila nilikuwa nazima.

#42 Abuu Tanga
Hiyo inauma kaka.

#43 Mzee Kipara
Mimi sikubaliani na wote. Mnamfundisha kijana namna ya kulipa deni kwa faida ya 7,500. Hata kama angekuwa hana deni kabisa, 7,500 kwa siku na watoto wawili shule, mtoto akilazwa siku mbili anakopa tena. Shida sio deni, shida ni kipato. Arudi kijijini akalime miaka miwili, kibanda akiachie mke.

#44 Dada Mwanjelwa
Mzee shikamoo, ila kulima nako ni kukopa. Mbolea nani anakupa bure? Hivyo viazi mnavyoviona Dar mkulima wake huku alishachukua hela kwa dalali kabla havijachimbwa.

#45 Mzee Kipara
Marahaba. Hapo umenibana.

#46 Kiti cha Mbele
Mimi nina swali moja tu kwa mwenye uzi. Mkeka wa kubeti je?

#47 Mchoma Viazi
...

#48 Kiti cha Mbele
Nilijua mimi.

#49 Mchoma Viazi
Buku moja tu kwa siku wakuu. Siku nyingine buku jero. Niliwahi kushinda 64,000 mwaka jana nikalipa ada.

#50 Muhasibu Benchi
Hiyo haikuwepo kwenye daftari ulilotuletea. Buku kwa mwezi ni 30,000, mwaka ni 360,000, toa hizo 64,000 ulizoshinda. Kuna kingine umeficha?

#51 Mchoma Viazi
Michango ya harusi. Kadi mbili, kila moja 50,000. Sijatoa bado ila wameniweka kwenye grupu la wasapu.

#52 Mama Hisa
Toka kwenye grupu mwanangu. Watakusema wiki moja.

#53 Bajaji Nyeusi
Turudi kwa Kitasa. Je asipolipa kabisa hao wasio na leseni wanaweza kumpeleka polisi? Mtaani kwetu walikuja na askari.

#54 Kitasa
Deni la kukopa ni la madai, sio jinai. Polisi sio wakusanya madeni. Mtu akikudai anaenda mahakamani. Ila usijichanganye ukadhani hakuna jela kabisa, kifungo cha madai kipo kwenye sheria zetu, mahakama ikishatoa hukumu na ukagoma kulipa wakati uwezo unao. Tofauti ni kwamba anayekudai ndiye anatoa hela ya kukutunza ukiwa ndani.

#55 Kiti cha Mbele
Subiri. Kwahiyo nikifungwa kausha damu ndio ananilisha?

#56 Kitasa
Kwa lugha nyepesi ndio.

#57 Kiti cha Mbele
Mchoma Viazi jipeleke mwenyewe, ukale zege zako zote zirudi.

#58 Abuu Tanga
Mzaha pembeni. Kwa hiyo apu, ulichopokea ni 80,000. Hiyo 80 ni hela ya watu, irudishe. Hiyo 40 ya juu achana nayo.

#59 Kitasa
Abuu kwa upande wa dini sawa, ila kama apu ina leseni na alikubali masharti, hiyo 40 isipolipwa anaweza kuripotiwa kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, kesho akienda benki wanamkataa. Aangalie leseni kwanza kwenye orodha ya BoT.

#60 Mchoma Viazi
Benki nilishakataliwa tangu sina hata deni, kwahiyo hapo tuko salama.

Je mikopo ya halmashauri? Nasikia asilimia kumi.

#61 Mama Hisa
Ipo, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, haina riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, sio ya bajeti yote kama watu wanavyosema. 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Lakini ni kikundi chenye usajili na mradi, na kinachukua muda. Na mwanangu hiyo ni ya mtaji, ukiichukua kulipa kausha damu utawatia wenzako matatani. Mkeo aingie kwenye kikundi cha kina mama, taratibu.

#62 Dada Mwanjelwa
Au mchezo. Watu 20 elfu tano kila siku, ikifika zamu yako unabeba laki. Mwombe kijumbe akupe namba za mwanzo, hapo ni mkopo bila riba.

#63 Muhasibu Benchi
Elfu tano kila siku kwa mtu mwenye 7,500? Dada unampandisha mwenzio mti bila ngazi.

#64 Dada Mwanjelwa
Wa buku mbili upo.

#65 Mchoma Viazi
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, nilikuwa nasoma tu nashindwa kuandika.

Nilienda ofisi zote mbili asubuhi kama Afisa Mstaafu alivyosema. Wa kwanza walikubali, rejesho limeshuka kutoka 13,000 hadi 6,000, nikaandikiwa kwenye karatasi na nimepiga picha. Wa pili walikataa katakata, dada wa pale hata kiti hakunipa. Kwahiyo friji nimeuza (samahani dada Mwanjelwa), 250,000. Wa pili nikammaliza, ilikuwa imebaki 170,000, nikaomba wanipunguzie hata 10 wakakataa. 80,000 nikarudisha kwenye apu, haimo kwenye orodha ya wenye leseni, nimeangalia mwenyewe. Meseji bado zinakuja, shemeji kawabloku.

Kikoba nimeenda, wamenisema nikanyamaza, wakaniongezea miezi miwili. Gunia tunachangia na jamaa wa mihogo na mama wa mishkaki, juzi tumegombania ndoo ya mwisho maana lumbesa haikuwa lumbesa. Mkeka nimepunguza.

#66 Kiti cha Mbele
Umepunguza.

#67 Mchoma Viazi
Jumamosi na Jumapili tu.

#68 Dada Mwanjelwa
Soda je? Sema ukweli wako.

#69 Mchoma Viazi
Umeshinda dada. Wateja kama wanne watano wa jioni wamehamia kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara ana friji la milango miwili. Nimeanza kununua barafu naweka soda kwenye ndoo, ila lebo zinabanduka, watu wanadhani ni feki.

#70 Muhasibu Benchi
Wateja watano kwa faida ya 500 ni 2,500, jumlisha 2,000 ya soda ni 4,500. Bado ni ndogo kuliko 10,000 uliyoacha kulipa. Nasimamia nilichosema.

#71 Dada Mwanjelwa
10,000 ingeisha baada ya siku 17, wateja waliohama hawarudi. Na mimi nasimamia nilichosema.

#72 Afisa Mstaafu
Hongera kwa kwenda. Na yule kijana wangu wa zege?

#73 Muhasibu Benchi
Ehee. Rejesho limeshuka, kwahiyo siku zimeongezeka. 208,000 kwa 6,000 ni siku kama 35. Ni zege 35 hizo.

#74 Mchoma Viazi
Jumatatu kaja kama kawaida kakaa. Nikampa 6,000 yake akaandika. Akaagiza. Nikamwambia kaka leo ni 3,000. Kaniangalia, kacheka, kasema utanikata kwenye rejesho. Nikamwambia rejesho ni la ofisi, zege ni ya kwako. Akakaa kimya muda mrefu tu, dogo kaacha kumenya anatuangalia. Mwisho kasema mshahara haujatoka.

Nimempikia. Nimemfungulia ukurasa kwenye daftari, jina lake juu, tarehe, 3,000, na kasaini mwenyewe kwa kalamu yake ileile. Mpaka leo anadaiwa 12,000.

#75 Kiti cha Mbele
Ulimpiga picha kitanda?